AKIBA HAIOZI IKIKAUSHWA VEMA

Mwezi huu ningependa tuingie pamoja ghalani. Huenda mmoja wenu akauliza: muuguzi anatafuta nini ghalani, wakati kazi yake ni wodini? Naomba asome hadi mwisho. Ataona kwamba baadhi ya magonjwa tunayohangaika nayo wodini yalianzia ghalani, siku ile gunia liliposhonwa mahindi yakiwa bado na unyevu.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Ni methali njema, nayo inatufundisha kutokula vyote leo na kuisahau kesho. Lakini akiba ya chakula huoza, tena pengine huoza bila kunuka na bila kuonyesha dalili yoyote. Juu ya uozo huo wa siri ndipo tutakapojifunza leo.

MWAKA 2016

Katikati ya mwaka 2016 ugonjwa usiojulikana ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hapa kwetu Tanzania. Watu waliumwa tumbo na kutapika. Macho yao yaligeuka rangi ya manjano, matumbo yakajaa na miguu ikavimba. Mwanzoni hakuna aliyejua chanzo chake, na si ajabu kwamba katika hali kama hiyo wapo wanaotaja uchawi. Uchunguzi ulipofanyika, ilibainika kuwa ni sumu ya ukungu iliyokuwamo katika mahindi ambayo familia zilikuwa zimelima na kujihifadhia zenyewe nyumbani. Watu 68 walihesabiwa kuwa wameugua, na 20 kati yao walifariki dunia.

Majirani zetu wa Kenya walipatwa na msiba kama huo mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui. Huko waliougua walikuwa 317, nao waliofariki ni 125. Chanzo kilikuwa kile kile: mahindi ya nyumbani, yaliyohifadhiwa yakiwa hayajakauka.

Nawaeleza sasa jambo nililoliona mimi mwenyewe. Mama mmoja alituletea watoto wake wawili, wote macho ya manjano. Mkubwa tumbo lilikuwa limejaa maji. Tulihangaika naye siku tatu, akatutoka. Mdogo alipona baada ya majuma kadhaa. Daktari alipomwuliza mama kuhusu chakula cha nyumbani, alijibu kwa unyofu kabisa: "Mahindi yalinyeshewa. Tulichagua yaliyo mazuri tukayauza, tupate karo ya shule. Yale yaliyoharibika ndiyo tuliyobaki nayo, tukayasafisha tukala."

Wapendwa, mama huyo hakuwa mzembe. Alifanya ambalo wengi wetu tumelifanya. Kilicho bora kinapelekwa sokoni, na kilicho kibovu kinabaki kwa ajili ya watoto. Hata mimi ninayewaandikia nina sehemu yangu katika kosa hilo. Kwa miaka mingi nilifundisha kliniki kwamba chakula kikichemshwa sana, kila kibaya kilichomo hufa. Kwa vijidudu vya kuhara fundisho hilo ni sahihi. Kwa sumu ya ukungu ni kosa, nami nimeona niliseme wazi hapa ili aliyelisikia kwangu asiendelee kulishika.

SUMUKUVU NI NINI?

Ukungu, au kuvu, ni vimelea vidogo vinavyoishi udongoni na kuruka hewani. Vipo vya aina nyingi. Baadhi yake, vinapopata joto na unyevu wa kutosha juu ya nafaka, hutengeneza sumu. Sumu hiyo wataalamu wetu wameipa jina la sumukuvu. Iliyo hatari kuliko zote huitwa aflatoksini.

Dunia ilianza kuijua sumu hii mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza katika muda mfupi. Ilionekana kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga zilizoota ukungu. Hadi leo karanga na mahindi ndivyo vyakula vinavyoongoza kwa kubeba sumu hii, na kwa bahati mbaya ndivyo tunavyovitegemea sana mezani petu.

Ukungu huweza kuingia mahindi yakiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame, mmea unapokuwa dhaifu, au wadudu wanapotoboa muhindi. Huongezeka mahindi yanapolazwa juu ya ardhi, yanaponyeshewa, na zaidi sana yanapofungiwa yakiwa na unyevu. Gunia la mahindi yenye unyevu hupata joto kwa ndani. Mkitia mkono katikati yake mtalisikia joto hilo. Hapo ukungu umekwisha kupata makao mazuri.

Kiasi kidogo sana cha sumu hii kinatosha kuleta madhara. Kwa kipimo kinachotumika katika nchi za Afrika Mashariki, kilo moja ya mahindi haitakiwi kuzidi maikrogramu 10 za aflatoksini. Kwa lugha ya ghalani, hiyo ni sawa na gramu moja ya sumu ikitawanywa katika magunia 1,000 ya kilo mia mia.

INADHURU VIPI MWILI?

Madhara yake ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya ghafla, pale mtu anapokula sumu nyingi kwa siku au majuma machache. Dalili zake ni zile nilizozitaja: kutapika, maumivu ya tumbo, macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa, miguu kuvimba. Ini ndilo linaloshambuliwa. Hospitali hatuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Tunaweza tu kumsaidia mgonjwa wakati mwili wake unapopigana. Kwa hiyo mkiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wana macho ya manjano kwa wakati mmoja, msiende kwa mganga wala msingoje. Wapelekeni hospitali mara moja, acheni kula unga mliokuwa mnatumia, na chukueni kidogo mwende nao ili upimwe.

Ya pili ni ya taratibu, nayo ndiyo inayowagusa wengi. Mtu anakula kidogo kidogo mwaka hadi mwaka bila kuumwa, huku ini linaharibika. Baada ya miaka huweza kuja saratani ya ini. Aliye na homa ya ini aina ya B na pia anakula sumu hii, hatari yake ya kupata saratani huweza kuongezeka hadi mara 30. Ndiyo maana nawasihi kina mama msikose chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu ndani yake imo kinga ya homa hiyo ya ini.

MAMBO TUNAYOKOSEA

"Tukichemsha itakufa." Hapana. Ukungu wenyewe hufa kwa moto, lakini sumu uliyokwisha kuitengeneza hubaki. Ugali ulioiva vizuri na uji uliochemka kwa saa nzima bado unaweza kuwa na sumu.

"Tukifuta au kuosha ukungu umekwisha." Hapana. Mnaondoa mnachokiona tu. Sumu iko ndani ya punje, nayo haina rangi, harufu wala ladha. Hata punje inayoonekana nzuri inaweza kuwa nayo, ndiyo maana kazi kubwa ni kuuzuia ukungu usiote tangu mwanzo.

"Yaliyoharibika tuwape kuku na ng'ombe." Hapana. Kuku, bata na nguruwe hudhurika upesi. Ng'ombe wa maziwa akila pumba zenye sumu, sehemu ya sumu hupita katika maziwa, na maziwa hayo ni ya watoto wenu.

"Tupikie pombe." Hapana. Kuchacha hakuondoi sumu kwa kiasi cha kuaminika. Wala si haki kuyapeleka sokoni akayale mtoto wa mwingine.

HATUA ZA KUHIFADHI MAHINDI NA KARANGA

Adui yetu ni unyevu. Mkikumbuka neno hilo moja, hatua zote hizi zitakuwa rahisi kukumbukwa.

1. Vuneni kwa wakati. Mahindi yaliyokomaa, ukibandua punje utaona alama nyeusi kwenye ncha iliyoshikana na gunzi. Msiyaache shambani muda mrefu baada ya kukomaa, maana wadudu na mvua zisizotarajiwa huyaharibu.

2. Msilaze mahindi wala karanga juu ya ardhi tupu. Ukungu unaishi udongoni. Anikeni juu ya turubai, mkeka au kichanja kilichoinuliwa. Tandazeni kwa unene mdogo na geuzeni mara kadhaa kwa siku. Jioni kusanyeni na kufunika, maana umande wa usiku hurudisha unyevu uliotoka mchana. Karanga zing'olewe kwa uangalifu bila kutoboa maganda, zikung'utwe udongo, kisha zianikwe upesi.

3. Pukuchueni bila kuvunja punje. Kujaza magunzi guniani na kuyapiga kwa rungu ni kazi ya haraka, lakini punje zilizopasuka ni mlango wazi kwa ukungu. Kupukuchua kwa mkono au kwa mashine iliyorekebishwa vizuri ni afadhali. Karanga za akiba zibaki ndani ya maganda yake. Msizilowanishe maji ili zibanguke kwa urahisi, kama wengine wanavyofanya wakati wa kuuza.

4. Pepeteni na kuchambua. Ondoeni punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Kwa karanga, ondoeni zilizosinyaa na zilizogeuka rangi. Kazi hii ya ungo ni ndogo, lakini hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mara nyingi sumu nyingi imo katika punje chache.

5. Pimeni ukavu kabla ya kufunga. Nitaeleza kipimo chake hapa chini.

6. Safisheni ghala kabla ya kuingiza mavuno mapya. Fagieni mabaki ya mwaka jana, zibeni mashimo ya panya, tazameni kama paa linavuja. Magunia yasigusane na sakafu wala ukuta. Yawekwe juu ya mbao au matofali ili hewa ipite chini yake.

7. Kagueni kila majuma mawili. Mkisikia joto, unyevu au harufu ya uvundo katika gunia la kawaida, limwageni, muanike na kuchambua tena.

Siku hizi ipo mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba nje. Wadudu wanaobaki ndani, hata dumuzi, hufa kwa kukosa hewa, wala hamhitaji dawa. Vipo pia vihenge vya chuma. Vyote ni vizuri, lakini sikieni angalizo langu: havikaushi chakula. Mkifungia humo mahindi yenye unyevu, mtafungua uozo. Jazeni mfuko, ondoeni hewa kwa kukandamiza, fungeni kila tabaka peke yake kwa kamba, na msifungue hovyo. Tabaka likitobolewa na panya, faida yake imekwisha.

KIPIMO CHA CHUMVI

Wazee hung'ata punje, wakisikia inalia "ka!" wanasema imekauka. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, lakini meno ya watu hayafanani. Hiki hapa ni kipimo ambacho hata mtoto wa darasa la tano anaweza kukifanya.

Chukueni chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Chukueni chumvi ya kawaida, muikaange kidogo au muianike juani mpaka ikauke, kisha muiache ipoe. Tieni punje za mahindi mpaka kama theluthi ya chupa. Ongezeni vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi. Fungeni, mtikise kwa nguvu kwa dakika moja, kisha muache itulie kwa dakika 15.

Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15. Yarudisheni juani. Chumvi ikianguka yote chini na kuta zikabaki safi, mahindi yanaweza kuwekwa katika magunia ya kawaida. Kwa mifuko isiyopitisha hewa na vihenge vya chuma unyevu unatakiwa ushuke hadi asilimia 13, kwa hiyo anikeni tena siku moja au mbili za jua kali kabla ya kufunga. Chukueni punje kutoka sehemu mbalimbali za mahindi yaliyoanikwa, maana ya juu hukauka kabla ya yale ya chini.

TAHADHARI YA DAWA

Wapo wanaohifadhi maharage kwa dawa ya pamba au dawa nyingine ya shambani. Hiyo ni sumu ya kuua familia. Mkitumia dawa, iwe ile iliyothibitishwa kwa ajili ya nafaka ya chakula, kwa kipimo kilichoandikwa, na msile kabla ya muda ulioandikwa kwisha. Vidonge vya kufukizia maghala ni hatari zaidi, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Kamwe visitumike katika nyumba wanamolala watu, hata kama magunia yako chumba cha pili.

UJI WA MTOTO

Mtoto mdogo yuko hatarini kuliko sisi, kwa sababu mwili wake ni mdogo na chakula chake kikuu ni uji wa mahindi, asubuhi na jioni. Mpaka atimize miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanamtosha. Baada ya hapo ndipo tunapotakiwa kuwa macho.

Miaka mingi sisi wauguzi tumefundisha unga wa lishe: mahindi, ulezi, karanga, soya, vyote kwa pamoja. Nia ilikuwa njema, lakini mara nyingi tulisahau kusema kwamba karanga mbovu katika unga huo humpa mtoto sumu badala ya nguvu. Wala si lazima kuchanganya nafaka za kila aina. Ulezi au mtama safi, pamoja na karanga chache zilizochambuliwa moja moja, na ndani ya siku hiyo hiyo yai, dagaa, mboga na matunda, humpa mtoto mlo mzuri zaidi. Mkitumia mahindi, yachambueni, yaosheni na kutupa yanayoelea juu ya maji, yakoboeni, yakausheni upya, ndipo msage. Sageni kidogo kidogo, wa majuma mawili hivi, muuweke katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Kukoboa hupunguza sumu kwa sababu sehemu kubwa iko kwenye ganda na kiini. Lakini kumbukeni kwamba sumu hiyo inakwenda kwenye pumba. Pumba za mahindi yenye ukungu zisipewe mifugo.

MBOGA, MICHEMBE NA VITU VYA CHUPA

Kanuni ya unyevu inafaa pia kwa vyakula vingine. Mboga za majani, kama mlenda au majani ya kunde, zioshwe, zichovywe kwa dakika mbili au tatu katika maji yanayochemka, kisha zikaushwe kivulini penye upepo au katika kikaushio cha jua kilichofunikwa. Jua kali la moja kwa moja huharibu vitamini A. Viazi vya michembe vikatwe vyembamba ili vikauke siku chache, wala visianikwe juu ya miamba wanakopita mbwa na kuku. Dagaa waanikwe juu ya kichanja badala ya mchanga. Vyote vikishakauka hadi kukatika au kulia vikishikwa, viwekwe katika vyombo vinavyofungwa vizuri.

Kuhusu vitu vya chupa, achari ya siki na jamu ya matunda yenye sukari ya kutosha zinaweza kutengenezwa nyumbani. Lakini msifungie maharage, mboga au nyama katika chupa kwa kuchemsha tu jikoni na kuziweka kabatini. Yuko kijidudu kinachoishi pasipo hewa, ambacho mbegu zake hazifi kwa maji ya kuchemka. Sumu yake hupooza misuli ya mwili, hata ile ya kupumulia.

"TUKITUPA, TULE NINI?"

Swali hili niliulizwa na bibi mmoja baada ya somo, nami nilikaa kimya kwanza, maana ni swali la haki. Ni rahisi kwa mwenye mshahara kumwambia mwenye njaa atupe chakula.

Nilimjibu hivi, nanyi nawajibu hivyo. Mara nyingi si lazima kutupa gunia zima. Limwageni, lichambueni kwa makini, mkoboe yaliyo mazuri, muondoe yale mabovu na kuyafukia mbali na mifugo. Lakini gunia lililoshikamana kwa ukungu na kutoa uvundo halina cha kuokoa. Wakati huo leteni habari mapema kwa viongozi wa jumuiya na wa kijiji. Ni afadhali majirani kumi watoe debe moja moja kuliko kuchanga tena kwa ajili ya mazishi. Msitegemee mahindi peke yake. Anayepanda pia mtama, uwele, mihogo na viazi ana pa kukimbilia mahindi yakiharibika.

Na jambo kubwa zaidi: wakati wa mavuno, kabla mnunuzi hajafika, tengeni kwanza gunia la nyumbani, tena lile lililokauka vizuri kuliko yote. Baba, jambo hili liko mikononi mwako. Karo ya shule ni muhimu, lakini mtoto anayesomeshwa lazima kwanza awe hai.

TUFUNDISHANE VIPI?

Je, mafundisho kama haya yanaleta tofauti? Yanaleta. Katika nchi ya Guinea, Afrika Magharibi, utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulifanyika katika vijiji 20. Nusu yake wakulima walifundishwa mambo mepesi kuhusu karanga: kuchambua kwa mkono, kuanika juu ya mikeka, kuhakikisha zimekauka, kuweka magunia juu ya mbao na kuzuia wadudu. Miezi mitano baada ya mavuno watu walipimwa damu. Waliofundishwa walikuwa na chini ya nusu ya kiasi cha sumu kilichoonekana kwa wale wa vijiji vingine. Hakuna kilichotumika pale ambacho kijiji chetu hakiwezi kukipata.

Kwa hiyo napendekeza jumuiya zetu na vikundi vya akina mama wafanye masomo manne, kila moja kwa majira yake. La kwanza, mwezi mmoja kabla ya mavuno: kusafisha maghala na kununua turubai kwa pamoja. La pili, wakati wa mavuno: kuanika na kupukuchua. La tatu, kabla ya kufunga magunia: kipimo cha chumvi. La nne, miezi mitatu baadaye: kumwaga gunia moja na kulikagua mbele ya wote.

Somo lifanyike nyumbani kwa mtu, penye mahindi yenyewe, kila mmoja atikise chupa kwa mkono wake. Anayesikia husahau, lakini aliyeona chumvi imeganda kwenye mahindi aliyodhani makavu hasahau. Akina baba waitwe pia, kwa kuwa katika nyumba nyingi wao ndio wanaoamua kinachouzwa na siku ya kuuza. Waalikeni afisa ugani na mhudumu wa afya wa kijiji. Afisa ugani ataweza kuwaeleza pia habari za Aflasafe, inayonyunyizwa shambani ili kuvu visivyo na sumu vichukue nafasi ya vile vyenye sumu. Wala msimwaibishe mtu ambaye gunia lake litakutwa limeharibika. Akiona aibu, mwaka ujao ataficha, na watakaolipa ni watoto wake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwetu, ni mahindi gani tunayauza na ni yapi tunayabakiza kwa chakula? Kwa nini?
2. Tunaanika wapi mahindi na karanga? Tunahitaji nini ili tuache kuanika juu ya ardhi?
3. Punje mbovu baada ya kuchambua tunazipeleka wapi?
4. Nani katika jumuiya yetu ana turubai au mashine ya kupukuchua ambayo wengine wanaweza kuazima?
5. Jirani akipoteza akiba yake kwa ukungu, tutamsaidiaje bila kumwaibisha?

Wapendwa, yule mtoto mdogo aliyepona niliwahi kumwona tena. Mama yake alinijia siku ya kliniki akiwa na chupa ya soda mfukoni, ndani yake mahindi na chumvi. Aliitikisa mbele yangu akauliza, "Mama, yametosha haya?" Nilitazama kuta za chupa, zilikuwa safi. Nikamwambia yametosha. Kisha nikamwomba aionyeshe chupa ile kwa akina mama wote waliokuwa kwenye benchi.